Mafunzo ya mpango wa biashara kwa wauguzi wakuu, Kisumu: yanafaa, ila upande wa fedha urekebishwe

Mafunzo haya ya siku mbili yanawalenga wauguzi wanaosimamia wadi na kliniki. Ubora wake uko kwenye hesabu ya wafanyakazi. Nafasi moja ya muuguzi kwa saa 24 ni saa 8,760 kwa mwaka. Muuguzi wa saa 40 kwa wiki, ukiondoa siku 30 za likizo na pia sikukuu za umma, hubaki na takriban saa 1,740. Kwa hiyo nafasi hiyo yahitaji watu watano, si watatu wa zamu. Mpango wa watatu hukwama likizo ya kwanza ikianza. Somo hili pekee linastahili ada yote.

Mapato yamefundishwa kijuujuu. Mfano wa kliniki ya vidonda ni sahihi: kodi ya jengo na mishahara 120,000 kwa mwezi, ada 800, vifaa 300 kwa mgonjwa, hivyo kliniki hujilipa ikifikisha wagonjwa 240. Lakini mfano unachukulia kila shilingi inaingia siku ileile. Madai ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hayalipwi papo hapo, na bandeji hazingoji. Jedwali la fedha zinazoingia na kutoka mwezi kwa mwezi lilikosekana kabisa, na hilo ni pengo kubwa.

Sheria ya FIF (fedha za kuboresha vituo vya afya) ya 2023, inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na makusanyo yao, ilistahili saa nzima. Muuguzi wa kaunti hupata humo hoja ya kudai makusanyo yabaki hospitalini kwake.

Ukienda, beba takwimu za wadi yako za miezi sita. Bila hizo, mazoezi ya siku ya pili hayatakufaa.