Mizani ya bafuni inayoonyesha BMR: uzoefu wangu

Mizani hizi za kioo zenye vibamba vinne vya chuma, zinazoungana na simu kwa bluetooth, siku hizi zimejaa madukani. Ninayotumia mimi hupima uzito vizuri: weka kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, panda, shuka, panda tena, namba ni ileile. Kwenye mkeka au zulia haiaminiki. Tatizo langu ni pale programu yake inapoandika BMR, yaani kalori ambazo mwili huchoma ukiwa umetulia tuli. Inaandika kama kitu kilichopimwa, na hakijapimwa.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa hewa. Mtu hulala, kichwa kikafunikwa kwa kuba la plastiki, na mashine ikahesabu oksijeni anayotumia na kaboni dioksidi anayotoa. Mizani haina hilo. Inapitisha umeme hafifu kutoka unyayo huu hadi ule, inakisia mafuta ya mwili kutokana na ukinzani wa umeme huo, halafu inaingiza makisio hayo kwenye kanuni.

Kanuni ya mizani yangu ni ya Katch na McArdle: 370, jumlisha 21.6 mara kilo zisizo za mafuta. Tuseme mwanamke wa miaka 35, kilo 72, urefu sentimita 162. Mizani ikisoma mafuta asilimia 35, anapewa 1,381. Ikisoma asilimia 31, anapewa 1,443. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni maji na ngozi. Ukipanda una magaga, au nyayo zina mafuta ya kujipaka, ukinzani huongezeka, mafuta ya mwili yanaonekana mengi na BMR inashuka. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyefunga akapanda kabla ya kufuturu, kwa kuwa mwili umepungukiwa maji. Nyayo zikiwa zimelowa kutoka kuoga, namba huyumba vilevile. Pima asubuhi, umeshakwenda haja, hujala wala kunywa, nyayo safi na kavu.

Mimi nachukua uzito tu kwenye mizani na kupiga hesabu kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990: kilo mara 10, jumlisha sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha mwanamke atoe 161, mwanamume ajumlishe 5. Kwa mfano wetu: 720 + 1,012.5 − 175 − 161, takriban 1,397. Nayo ni makadirio. Ilitokana na watu 498 wenye afya, wa miaka 19 hadi 78, kwa hiyo usimpigie mtoto wala mjamzito, na hata kwa mtu mzima acha nafasi ya asilimia 10 juu au chini. Uzuri wake ni kwamba haiyumbi kwa sababu ya magaga.

Kagua pia jina lililo wazi kwenye programu kabla ya kupanda. Kanuni ya Mifflin peke yake hutofautisha mwanamume na mwanamke kwa kalori 166, na mizani ya familia hukosea mtu kirahisi pale wawili wanapokaribiana uzito.

Kosa linaloumiza watu zaidi ni kuifanya BMR kuwa kiwango cha kula. Hiyo ni ya kuendesha mwili uliotulia tu: ubongo, moyo, ini, figo, misuli na kadhalika. Anayekaa kutwa azidishe kwa 1.2, anayefanya mazoezi mepesi kwa 1.375, na mwanamke wetu, akiwa wa mazoezi mepesi, anafika 1,920. Ukishazidisha, usijumlishe tena kalori za hatua zinazotolewa na simu, maana utakuwa umezihesabu mara mbili. Kisha fuata wastani wa uzito wa wiki kwa wiki: ukila kiasi hicho na wastani ukapanda, punguza 100 hadi 200.

Kwa uzito, nyota tano. Kwa BMR, mbili. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asiipande kabisa. Achukue mizani ya kawaida isiyopitisha umeme.