Masomo ya mapigo ya muziki kwa Papa mmoja wa Kamalondo: miezi miwili, dola 20

Ninaongoza kwaya ya watoto huku Katuba, Lubumbashi. Kwa muda mrefu tulikuwa na ugonjwa mmoja: wimbo unaanza vizuri, lakini baada ya mistari miwili ngoma iko kwake na watoto wako kwao. Nilikwisha kulipia semina mahali pengine. Tulinakili alama za kuhesabu mapigo, "3/4" na "4/4", kutoka ubaoni, nikarudi nyumbani na karatasi nyingi na ugonjwa uleule. Kwa hiyo jirani aliponiambia kuna mpiga gitaa mzee, wote wanamwita Papa, katika mtaa wa Kamalondo, anayefundisha mapigo tu, bila noti, nilienda na mashaka yangu.

Darasa ni Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Unalipa dola 10 kwa mwezi, au franka kwa bei ya siku hiyo. Tulikuwa watu saba.

Siku ya kwanza hakuna aliyegusa ala. Papa alitutembeza uani, kila hatua pigo moja, bila kukimbia wala kulegea, huku yeye akiimba. Katikati ya wimbo akanyamaza. Tukaendelea kutembea. Aliporudi kuimba, sauti yake iliangukia kwenye hatua zetu kana kwamba hakuwahi kuacha. Hapo nikaelewa kwamba mapigo yanaendelea hata pale ambapo hakuna anayeyapiga.

Kisha akatoa vifuniko sita vya chupa za soda, akavipanga mstari mmoja mezani na kuvigonga kwa kijiti, kimoja kimoja, sawasawa. Akavitenga vitatu huku, vitatu kule, akikaza mkono kwenye cha kwanza cha kila kundi. Mwili wangu ukaanza kuyumba kushoto, kulia. Akavipanga upya: viwili, viwili, viwili. Mwendo haukubadilika, vifuniko ni vilevile, lakini sasa nilitaka kucheza valsi, ile dansi ya moja-mbili-tatu! Hiyo ndiyo tofauti ya 6/8 (vitatu vitatu) na 3/4 (viwili viwili) ambayo zile karatasi zilishindwa kunieleza: sita ni sita, kinachohama ni uzito. Metronomu ya kawaida, ile mashine ya kugonga mapigo, ukiiweka kwenye 60 inagonga mara moja kila sekunde, basi. Kuyafunga mapigo hayo mawili mawili au matatu matatu ni kazi ya sikio lako.

Lakini kilichonilipa dola zangu zote ni dakika kumi za wiki ya nne. Nilimwimbia wimbo tulioutunga wenyewe kwaya, unaoanza na neno "Tunakusifu". Nilikuwa nawapa watoto ishara ili "tu" iangukie pigo zito. Papa akaweka gitaa chini.

"Mama, liseme hilo neno kama unavyoongea nyumbani."

Nikasema.

"Umekanyaga wapi?"

Nikarudia polepole. Nilikuwa nimekanyaga "si".

"Basi pigo la kwanza liko hapo. Hizo tatu za mbele zije kabla."

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, jambo ninalolijua tangu shule, na sikuwahi kulipeleka kwenye wimbo. Tu-na-ku sasa zinapanda ngazi, "si" inatua pamoja na ngoma. Nilipoimba hivyo Papa akasema "Bulongo, mama!", yaani vizuri, na machozi yakanilenga, kwa sababu kwa miaka mitatu nilikuwa nikiwagombeza watoto ambao masikio yao yalikuwa sahihi kuliko mkono wangu.

Wiki ya sita ilikuwa ngumu. Alitupigia gitaa ya Katanga, ile ya kidole gumba na cha shahada, mtindo wa akina Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gumba linashika mapigo, shahada inakatiza juu yake, na ukifuata shahada tu unapotea. Watatu kati yetu tulipotea kabisa. Naona alitakiwa kuigawa siku hiyo mara mbili, ingawa tulipomwomba arudie alirudia bila kuchoka.

Kasoro nyingine: jirani anachomelea vyuma na makelele yanaingia ndani, na mara nyingi tulianza saa nane na nusu. Hafundishi kusoma noti hata kidogo. Anayejiandaa kwa mtihani wa muziki atafute kwingine.

Anayeongoza kwaya, anayepiga ngoma au besi, aende, na avae viatu vya kutembelea. Mimi nimelipa tena mwezi mmoja, si wangu: Jumamosi hii nampeleka mpiga ngoma wetu, ana miaka 14.