Kukagua hatari za kisima au kupima maji maabara, ipi bora?

Huu mjadala hauishi. Mmoja anasema we pima tu maji, mwingine anasema zunguka kisima uangalie hatari ziko wapi. WHO wenyewe tangu 2004 wanasukuma mipango ya usalama wa maji, yaani kusaka hatari kuanzia kwenye chanzo mpaka kwa mtumiaji badala ya kungoja majibu ya maabara.

Kwa gharama ukaguzi unashinda wazi, unataka fomu, macho na mtu asiyeona aibu kuuliza choo cha jirani kiko wapi. Unacheki sakafu ya zege ina nyufa au la, maji yanayomwagika yanatuama hapo hapo au yanaenda mbali, choo kipo upande wa juu wa mteremko, mifugo inafika, na utamu wake ndo huo, ufa ukiuona leo unauziba leo kabla mvua haijaingiza uchafu. Maabara inakwambia ya chupa ile siku ile, basi.

Ila aseniki na floridi, kemikali zinazodhuru afya zikizidi, zinatoka kwenye miamba yenyewe, hazina rangi wala harufu, hapo fomu haikusaidii kitu. Kikomo cha WHO ni mikrogramu 10 za aseniki kwa lita, floridi miligramu 1.5, na bila kipimo unabahatisha tu.

Kwahiyo kisima kipya anza na maabara. Cha zamani ambacho kemikali zake zinajulikana na bajeti imebana, kagua mara kwa mara, hasa kabla ya mvua, upime ukiona mabadiliko. Kinachohudumia watu wengi, aisee, usichague, fanya vyote.