TAHADHARI: Kuna muuzaji anachonga jina la Leitz Elmar kwenye lenzi za Kirusi, mimi keshanipiga

Wakuu habari zenu. Nimepigwa laki nane na nusu na sitaki mwingine apigwe na mtu yule yule kwa njia ile ile, kwa hiyo naomba mnivumilie, hii ni ndefu kidogo.

Mimi natumia Canon P, kamera ya Kijapani ya renjifainda (ile unafokasi kwa kulinganisha picha mbili kwenye kidirisha) ya mwisho mwa miaka ya 1950, inachukua lenzi za skrubu za milimita 39, zile ambazo Leica ya Ujerumani ndio walianza nazo. Lenzi niliyokuwa nayo ni nene na nzito, ukitinga nayo Feri alfajiri wauza samaki wote wanageuka wanakukodolea, picha imeshaharibika kabla hujabonyeza. Ndio nikaanza kutafuta Elmar ya 50 f/3.5. Kwa wasioijua, hii ni lenzi iliyopigiwa hesabu na Max Berek wa Leitz, kampuni iliyokuwa inatengeneza Leica, kule Wetzlar miaka ya 1920, ni kadogo kabisa, unaizungusha kidogo unaisukuma inazama ndani ya kamera, kamera yote inaingia mfuko wa koti. Na kwa lenzi za Leitz ndio yenye bei mtu wa kawaida anaweza kujikusanya akaipata, maana zilitengenezwa nyingi mno. Nilijikusanya miezi mitano, hela za send-off na kitchen party, kila wikiendi naweka kidogo.

Jamaa alikuwa na akaunti nzuri tu, picha safi, lenzi zimepangwa juu ya kitambaa cha kitenge cha bluu chenye ndege wa njano. Akasema Elmar hii ilikuwa ya mzungu mmoja aliyefanya kazi mashamba ya mkonge Tanga enzi hizo, familia imeuza vitu. Mimi kwetu Tanga, moyo ukalainika hapo hapo. Nikamwomba video akasema simu yake kamera mbovu (huku anapiga picha kali namna ile, na mimi sikushtuka), nikamwomba tuonane akasema yuko safari, jioni yake akaniandikia kuna mtu wa Nairobi anatuma hela kesho asubuhi kwa hiyo niamue. Nikatuma kwa simu usiku ule ule. Mzigo kweli ukaja na basi, ndani ya boksi umefungwa vizuri na magazeti, na ndio maana nilimwamini zaidi.

Nikaenda nayo Tanga kwa bibi. Bibi ana miaka themanini na kitu, bado anasuka mikeka, nikakaa naye siku nzima barazani, nikamaliza mikanda miwili, yeye anasuka ananisimulia, mwanga wa saa kumi ule. Nimerudi Dar nikasafisha mkanda bafuni kama kawaida, nikautundika, nikainua negativu kwenye taa. Za mbali ziko sawasawa. Za karibu zote, za uso wake, zimekufa. Macho hayapo. Lakini ukili uliotundikwa ukutani nyuma yake unauhesabu mmoja mmoja. Mwanzo nililaumu mikono yangu, nikalaumu renjifainda ya kamera, nikarudisha lenzi yangu nzito nikapima, kamera haina tatizo hata kidogo.

Ndio nikampelekea mzee mmoja fundi wa kamera Kariakoo. Hakuifungua hata. Alichukua tochi, akafunga apecha (lile tundu la majani linalopitisha mwanga) mpaka 16, akachungulia kwa mbele, akanirudishia akaniambia hii siyo Elmar mwanangu. Akanionyesha. Kwenye Elmar majani ya apecha yamekaa karibu sana na mbele, yaani nyuma tu ya kioo cha kwanza, ni kama yako juu juu unataka kuyagusa. Hii yangu majani yako ndani zaidi, yamepita vioo viwili, na huo ndio mpangilio wa lenzi za Urusi zinazoitwa Industar. Halafu akainamisha ile pete ya mbele kwenye mwanga wa mlangoni. Chini ya maandishi ya Leitz kuna mikwaruzo ya msasa inazunguka mduara, na karibu na namba kuna kijidoa chekundu kimebaki kwenye mfereji, ukikazia macho unaona nusu ya herufi iliyokaa kama goli la mpira. П. Hiyo Warusi walikuwa wanaiweka kwa rangi nyekundu kuonyesha kioo kimepakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Mtu kasaga jina la zamani, kachonga jipya, ila msasa haukufika chini pale. Nilikaa kwenye kile kistuli sikuwa na la kusema.

Sasa mjue huu mchezo haukuanzia kwetu. Kiwanda cha FED kule Kharkiv, Ukraine, kilianza kunakili Leica II mwaka 1934, na baada ya vita kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaanza kutoa Zorki kutokana na FED hiyo hiyo, kuanzia 1948. Kamera zile na lenzi zake zina umbo la Leica kabisa, ndio maana matapeli wanazipenda, miaka mingi zimekuwa zikichongwa majina ya Kijerumani, alama za jeshi la anga la Hitler, Olimpiki ya Berlin 1936, zinapakwa rangi ya dhahabu na kuuzwa kama Leica adimu. Huyu jamaa wetu na yeye anayo moja ya dhahabu kwenye kile kitenge chake. Kamera ukiipata mkononi toa lenzi uangalie ndani juu, pale penye kimkono kinachoguswa na lenzi: Leica halisi ina kigurudumu cha duara kinachozunguka, FED na Zorki za namna ile zina kipande kigumu kilichochongwa kama kabari. Chuma kile hawahangaiki kukibadilisha.

Na msinielewe vibaya, Industar-22, ambayo ndio hii yangu, siyo lenzi mbaya. Ni ndogo vile vile, inakunjika vile vile, na kama ingeuzwa kwa jina lake ningeinunua kwa sehemu ndogo tu ya hela niliyotoa na ningemshukuru muuzaji. Yangu inakosea karibu kwa sababu aliyeifungua kuichonga pete aliirudishia ovyo, fundi anasema vipete vya kusawazisha umbali havipo mahali pake. Kwa hiyo jamaa kaiba jina na lenzi nzuri ya watu kaiharibu.

Kuna mtego mwingine wake ambao mdau mmoja kanitumia picha juzi, huu unawaingiza hata wanaojua. Anauza Industar-50 anasema ni ya skrubu ya 39 kwa hiyo inaingia Leica na Canon. Kuingia inaingia kweli. Lakini Industar-50 zilitengenezwa za aina mbili, za Zorki na za Zenit, na Zenit ni kamera ya kioo cha kugeuka, skrubu ni ile ile ila lenzi yake inatakiwa ikae milimita 45.2 kutoka kwenye filamu wakati za Leica ni 28.8. Ukiifunga kwenye renjifainda hutapata kitu kikali popote, na wala haina pete ya nyuma ya kusukuma kile kimkono cha fokasi. Ile ya Zenit ni bapa kama kifuniko cha chupa ya chai, haina bomba la kuvuta. Kama unataka ya kukunja na umeletewa bapa, rudisha hapo hapo.

Nyie wenye kamera ambayo mgongo unafunguka kama Canon P, kabla hujamaliza mkanda mzima kama mimi, fanya hivi: toa filamu, bandika karatasi ya tresi pale filamu inapolala, weka shata kwenye B (inabaki wazi muda wote umebonyeza) uishikilie wazi, apecha ifungue yote, simama mita moja kutoka kwenye balbu yenye maandishi, fokasi kwa renjifainda, halafu geuza utazame kwenye tresi. Maandishi yakiwa makali lenzi na kamera zinaelewana. Hiyo inachukua dakika tano, na muuzaji mkweli atakusubiri. Tochi ya simu nayo pitisha kwa nyuma ya lenzi uone fangasi na ukungu, lenzi za umri huu nyingi zinao.

Jina la akaunti sijaliweka kwa sababu nilipomwambia nimeshajua ni Industar alinibloku, na siku mbili baadaye ile akaunti haipo. Namba ya simu haipatikani tena, polisi nimeripoti na nina RB. Ila jana usiku nimetumiwa skrini shoti ya akaunti mpya, jina jingine, eti safari hii yuko Arusha, ana Elmar mbili na Leica ya dhahabu, hadithi imehama kutoka mkonge kwenda kahawa. Kitambaa ni kile kile, kitenge cha bluu, ndege wa njano, na kwenye kona ya kulia kuna alama ya kuungua na pasi ambayo iko hata kwenye picha alizonitumia mimi. Ukitumiwa picha yoyote yenye kitambaa hicho usitume hata shilingi ya kuwekea oda, nitumie mimi hiyo picha na namba aliyokupa nizipeleke kwa mpelelezi wangu.