Pampu ya kipira ya dizeli kwenye Hilux 5L, nimeitumia miezi minane

Wakuu habari za saa hizi. Leo naongelea kile kipira cheusi chenye umbo la yai, cha kukamua kwa mkono ili kivute dizeli kutoka tenki na kutoa hewa kwenye njia ya mafuta, kina midomo miwili ya kuchomeka mpira wa mafuta na mshale umechorwa ubavuni. Madukani wengine wanaita pampu ya mkono, wengine pampu ya boti maana kwenye boti zipo tangu zamani. Yangu niliagiza Kariakoo ikaja na basi mpaka Njombe, 12,000 pamoja na klipu mbili, na nimekaa nayo miezi minane kwahiyo naongea kitu ninachokijua.

Gari yangu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli inaitwa 5L (ni jina tu, sio lita tano), kazi yake viazi kutoka Uwemba kwenda Makambako. Mwezi wa sita, na mnajua baridi ya Njombe mwezi wa sita ilivyo, ikaanza tabia: asubuhi inawaka vizuri kabisa, inaunguruma kidogo, hata geti hujafungua inakohoa inazima. Ukirudia unapiga stata mpaka betri inalegea. Fundi wa kwanza akasema ni hita plagi, zile za kupasha injini moto kabla ya kuwasha, kwasababu ya baridi, nikanunua zote nne. Haikusaidia. Wa pili akashusha noseli, zile za kupulizia dizeli ndani ya injini, zikaenda kupimwa, zikarudi, tabia ile ile. Wa tatu akaniambia "bosi pampu imechoka, andaa laki saba", yaani ile pampu kubwa ya injini inayosukuma dizeli kwenye noseli, hapo nikasema hapana, nikalaza gari nyumbani siku mbili na viazi vya watu vipo shambani, inauma sana jamani.

Aliyenitoa ni mzee jirani yangu, alikua fundi wa malori miaka mingi. Nikaenda kumuamkia, shikamoo mzee, nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu, "ikilala kwenye mlima imeangalia juu inawaka kwa shida zaidi au kawaida?" Nikamwambia kwa shida zaidi. Akaingia ndani akatoka na kipande cha ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule mafundi ujenzi wanapimia levo na maji. Akakata kama shubiri moja, akauchomeka kati ya filta na pampu. "Washa mwanangu." Nikawasha, tukainama wote wawili. Dizeli inapita na mapovu mapovu kama soda iliyotoka kufunguliwa, mengine madogo kama mbegu za ulezi, mara linapita moja kubwa urefu wa kidole na gari inazima. Mzee akasema "hii inavuta upepo, pampu haina kosa lolote". Laki saba ingeenda hivi hivi.

Sasa wengi hapa hamjaambiwa kitu kimoja. Hizi injini za 5L, 3L, hata 1HZ ya Land Cruiser, hazina pampu ndogo ya kusukuma mafuta kutoka tenki, ile pampu kubwa yenyewe ndo inavuta mafuta kutoka kule nyuma mpaka mbele. Kwahiyo njia yote kuanzia tenki mpaka pampu inafyonza, ukiwa na ufa mdogo hautaona dizeli ikidondoka chini hata tone, upepo unaingia kimya kimya, na usiku gari ikilala mafuta yanarudi tenki. Ni tofauti na trekta kama Massey Ferguson 240, ile tenki iko juu ya injini, ikipasuka mahali mara nyingi inavuja nje unaona. Na upepo ukiingia kazi imeisha, kwasababu dizeli haibonyei ila hewa inabonyea, pampu inabaki inaminya hewa tu, presha haifiki ya kufungua noseli. Ndo maana unapiga stata haiwaki na mafuta yamejaa tenki.

Tukatafuta upepo unaingilia wapi, mzee akaanza na galoni ya dizeli juu ya injini, akachomeka mpira moja kwa moja kwenye pampu akiruka filta na tenki, mapovu yakakata. Kwahiyo tatizo liko nyuma ya hapo. Akarudisha kidogo kidogo mpaka tukalikuta kwenye kichwa cha filta, ile kitufe ya kubonyeza ya kutolea upepo, mpira wake wa ndani umepasuka, chini yake kuna vumbi limeloa kidogo. Mpira wa shilingi ngapi sijui ulikua unataka kunilia pampu nzima.

Nikanunua kichwa kipya cha filta cha kuigiza duka moja hivi, wiki ya tatu kitufe kikabonyea hakirudi, mapovu tena. Hapo ndo nikaamua kutafuta kichwa cha orijino cha mtumba kilicho kizima, na kipira nikakifunga kati ya tenki na filta, kitufe siigusi tena kabisa.

Kwenye kazi yenyewe kipira hiki nakipenda kutoka moyoni. Zamani kubadilisha filta ilikua siku ya mateso, sasa nafunga filta mpya, naenda kukamua. Mwanzo kinakua laini kama unakamua mfuko mtupu, unasikia hewa inapita, ukifika kama mara 15 kinaanza kuwa kizito, mara 25 au 30 kimekua kigumu kama parachichi bichi, hapo filta imejaa. Nawasha, inakohoa mara mbili, inatulia, hewa iliyobaki kwenye pampu inarudi yenyewe tenki kwa njia ya mrejesho. Betri inabaki na nguvu, stata haipati moto.

Ikigoma hata baada ya hapo, maana imeshawahi kunikuta baada ya kuishiwa mafuta kabisa njiani, unalegeza nati za mabomba juu ya noseli, spana namba 17, mimi nalegeza mbili tu kwanza, mtu anapiga stata sekunde kumi anapumzisha. Linatoka povu jeupe, halafu dizeli safi inaruka bila povu, unakaza, unaenda nyingine. Ufunguo uwe oni, ile soleno ya pampu (vali ya umeme inayoruhusu mafuta) isipofunguka utakamua mpaka jioni na hakuna tone litakalofika kwenye noseli. Na tafadhali msiweke kidole wala kiganja pale kuzuia mafuta, ile presha inatoboa ngozi na dizeli inaingia ndani ya nyama, hata kama kidonda kinaonekana kama alama ya sindano nenda hospitali siku hiyo hiyo. Wenye D4D na komoni reli nyingine, yaani injini za dizeli za kisasa zenye presha kubwa, kulegeza mabomba ya noseli ni MARUFUKU, presha kule ni zaidi ya bar 1,000. Nyie mwisho wenu ni pampu ya kwenye filta, na hiki kipira sishauri mkikate kwenye mfumo wenu.

Kasoro zake sasa. Mpira wenyewe sio mzuri sana, baada ya miezi sita ya kuutumia ukaanza kukauka na nywele nywele za nyufa karibu na mdomo, nahisi umetengenezwa kwa ajili ya petroli kuliko dizeli, nikabadilisha kabla haujanitesa. Klipu walizoweka ni nyepesi, zitupe, nunua za kukaza na bisibisi, na msifunge na waya wa baindingi nawaomba, waya unabana sehemu mbili tu upepo unapita pembeni. Mshale wangu ulikua stika, ukabanduka, ikabidi nipulize kwa mdomo kujua upande (hewa ikipita ndo kwenda injini). Ufunge umesimama mshale juu, mbali na ekzosi. Na kumbuka umeongeza maungio mawili mapya, yakilegea nayo yanavuta upepo.

Kitu kinachoniudhi ni dereva anayekamua kila asubuhi miezi mitatu anasema gari yangu ndo iko hivyo. Hapana kaka, gari nzima ikilala wiki inawaka bila kukamua. Ukiona unakamua kila siku tafuta kipande cha mpira wa levo uangalie mapovu, bei yake ni ya soda.

Nakipa nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa ajili ya ule mpira. Cha sasa kina miezi miwili hakijaonyesha ufa, na cha akiba kiko chini ya siti na klipu zake na spana 17, pamoja na kile kipande cha mpira mweupe ambacho mzee alikataa nimrudishie.