Kijitabu cha mazishi, River Road: chapa safi, mkunjo dhaifu

Tulichokagua ni kijitabu cha kurasa 16, saizi ya A5, cha mama muuguzi aliyeaga akiwa na miaka 91. Nakala 200, kutoka duka moja la ghorofani River Road, Nairobi. Chapa ni safi. Kasoro iko kwenye jalada.

Jalada ni karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, zambarau iliyokolea hadi pembeni, na limekunjwa bila kupigwa mstari wa mkunjo kwanza, yaani kubonyezwa mfereji mwembamba pale litakapokunjwa. Wino wa unga wa mashine ya dijitali haunywewi na karatasi, hukaa juu kama ngozi. Ukikunjwa kavukavu hupasuka, na mgongo wa kijitabu unabaki na ufa mweupe hata kabla hakijafika kanisani. Agiza mstari upigwe, au acha ukanda wa mgongo bila rangi. Gramu 250 zinatosha, na ndani gramu 130. Kila nakala hula karatasi 1 ya jalada na 3 za ndani za A4, kila moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo ukitaka ukurasa mmoja zaidi utalipia nne. Familia nyingi hugundua hilo usiku wa mwisho, wakati kitukuu fulani amesahauliwa kwenye orodha.

Picha wameziweza. Sare nyeupe ya muuguzi ni mtihani: skana ikiachwa ijirekebishie mwanga, kofia na aproni hugeuka doa moja jeupe. Hapa mikunjo ya kofia inaonekana, hata saa iliyobanwa kifuani. Picha ya zamani yenye upana wa sentimita 7 iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, ndipo ikuzwe mara mbili bila kuchakaa. Zile za simu zitumwe WhatsApp kama dokumenti. Zikitumwa kama picha hufika zimebanwa, na ukurasani huonekana kama zimepigwa ndani ya ukungu.

Wasifu hawausahihishi, wanachapa ulichowapa. Umeandikwa kwamba mama alisomea uuguzi Hospitali ya Kenyatta miaka ya 1950. Wakati huo ilikuwa King George VI. Jina la Kenyatta lilikuja baada ya uhuru. Wauguzi wenzake wa rika lile hawapitwi na kosa hilo, kwa hiyo andika jina lililo kwenye cheti, kisha la sasa.

Tenzi ndizo zimeharibika zaidi, na kwa mama aliyeishi kanisani hilo linauma. Fonti waliyotumia haina ĩ wala ũ, basi wimbo wa Kikuyu umejaa vijisanduku. Toa faili la PDF lenye fonti ndani yake, na usome nakala ya kwanza ya karatasi, si ya kioo cha simu. Herufi zisipungue saizi ya 12. Waimbaji wengi ni wazee wenye miwani. Wimbo mrefu uanzie ukurasa wa kushoto, ili beti zote ziwe wazi mbele ya msomaji. Hapa ubeti wa tatu umekatwa katikati, na mkutano mzima utageuza karatasi kwa pamoja kama upepo kwenye mahindi.

Mazishi yakiwa Jumamosi, faili lifike Jumanne. Kabla ya kumaliza kulipa, fungua nakala kumi kutoka chini ya boksi, si juu: pini mbili za mgongo zishike hadi ukurasa wa kati.