Huduma ya MRI ya bega katika hospitali binafsi, Dar es Salaam: maoni ya familia ya mgonjwa

Maoni haya yanahusu kitengo cha radiolojia cha hospitali binafsi ambako mama yangu mzazi alipigwa picha ya MRI (kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali) ya bega la kulia, baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu na uvimbe usiouma sana, uliokuwa ukijaa, ukinywea, kisha ukijaa tena. Huduma ilikuwa nzuri, na uzuri wake haukutokana na mashine peke yake bali na umakini wa waliopanga picha hizo na kuzisoma.

Awali hospitali nyingine ilikuwa imempiga eksirei isiyoonyesha jambo la maana, ikavuta maji ya bega, ambayo maabarani hayakuonekana kuwa na vimelea, kisha ikataka aanze dawa za kifua kikuu. TB ya viungo ipo nchini mwetu na daktari ana haki ya kuiwazia. Hata hivyo, kumpa mama mtu mzima dawa za miezi mingi kwa dhana tu ni jambo ambalo sikulikubali.

Katika kitengo hiki, mtaalamu wa picha aliisoma barua ya rufaa yote, akamuuliza mama kama ana chuma chochote mwilini, na akaongeza picha za aina ambayo mng'ao wa mafuta huzimwa. Picha hizo ndizo zilizotoa jibu. Daktari bingwa wa radiolojia alituita, akatuonyesha picha mbili za sehemu ileile: katika ya kwanza, ndani ya kiungo kulikuwa na vijimatawi vilivyong'aa sawasawa na mafuta yaliyo chini ya ngozi, katika ya pili vijimatawi hivyo vilikuwa vyeusi, kama yalivyokuwa mafuta ya chini ya ngozi, ilhali maji ya kiungo yalibaki meupe. Akasema kwamba hiyo ni lipoma aboresensi, hali ambayo utando unaofunika kiungo kwa ndani hujazwa seli za mafuta zilizokomaa na kuchipua kama mti. Si saratani wala haisambai mwilini. Mara nyingi huonekana gotini. Begani ni nadra sana, na ndiyo maana naamini msomaji mwenye haraka angeweza kuipita.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba ripoti haikuishia kwenye uvimbe. Begani hali hii mara nyingi huambatana na kuchanika kwa kano zinazolizunguka bega, na ripoti ilieleza wazi kano iliyochanika na ukubwa wa mchaniko huo, hivyo daktari bingwa wa mifupa aliingia chumba cha upasuaji akijua kwamba ana kazi mbili: kuondoa utando ulioota mafuta kupitia matundu madogo, na kuishona kano. Majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa utando ulioondolewa, yaliafikiana na yale ya picha. Mama sasa anafanya mazoezi ya tiba, na tumeelezwa kwamba uvimbe wa aina hii ukiondolewa vizuri ni mara chache kurudi.

Kasoro zipo. Ripoti ilichelewa kuliko tulivyoahidiwa, na kibali cha bima kilitusumbua kwa sababu dirisha la mapokezi halikuwa na mtu wa kueleza nyaraka zinazohitajika. Anayeogopa mahali pembamba aseme mapema, kwani mashine inabana na ina kelele, ingawa walitoa vizibo vya masikio na kumwekea mama mto chini ya mkono bila kuombwa.

Kwa mwenye bega linalovimba bila maelezo, naipendekeza huduma hii bila kusita. Aende na barua ya rufaa inayoeleza historia yote ya uvimbe, na kabla ya kuondoka aombe CD ya picha zake pamoja na ripoti, kwa sababu daktari wetu wa upasuaji alitaka kuziona picha zenyewe, si maandishi peke yake.